Mashudu ya Bi Saumu

Jambo zima liligharimu minazi kumi na minane, vipande kumi na vitatu vya masikio ya kondoo, na jina la mwanamke mmoja aliyekuwa akinipikia. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu, na kila mara hesabu inagoma, kwa sababu minazi ina bei, na sikio la kondoo nalo utapata mtu wa supu akalichukua, lakini hilo la tatu sijaona mizani ya kulipima. Mimi ni dalali. Nimeuza mbuzi, kuku, milango iliyotumika, viti vya sherehe, hata mizinga ya nyuki isiyokuwa na nyuki, na kila nilichouza nilijua mwenye mali alitaka ngapi na mnunuzi angefika ngapi, mimi nikakaa katikati nikala kilichobaki. Mwaka ninaotaka kuusimulia hapa ni ule nilioishi kwa Bi Saumu, katika kijiji kimoja mbele kidogo ya Tongoni, tukinenepesha kondoo kwa ajili ya Iddi ya kuchinja. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na niliona hakuna mtu kati ya Horohoro na Pangani anayeweza kuniuzia mbuzi mgonjwa.

Bi Saumu amefariki mwezi uliopita. Binti yake, Mwanaisha, alinipigia simu nikiwa mjini, sokoni Ngamiani, nabishana na mtu bei ya jogoo, na alipomaliza kusema nikamwachia yule mtu jogoo kwa bei aliyoitaka, jambo lililomtia wasiwasi akaanza kumkagua jogoo upya. Nikaenda mazikoni. Mimi si Muislamu, nilisimama nyuma, pembeni ya wale waliokuwa wakipokezana jembe. Kaburi lilipokwisha kufukiwa na dua kuombwa, mzee mmoja wa ukoo akasema yale yanayosemwa kila mara: marehemu alikuwa mtu wa watu, kama kuna anayemdai aje nyumbani yamalizwe, na kama kuna anayedaiwa naye, basi nyumba anaijua. Watu wakaanza kutawanyika. Nimesikia maneno hayo kwenye mazishi mengi na sijawahi kuyahofia. Siku ile nilijikuta nimeinama nafunga kamba za kiatu. Nilikuwa nimevaa makubazi.

Chumba alichonipa mwaka ule kilikuwa cha kushoto ukiingia, nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti, sakafu ya udongo uliopigwa ukalainika hadi ukang'aa. Kitanda kilikuwa cha kamba, kilicholegea katikati kiasi kwamba ukilala unakunjika kama barua. Ukutani, upande wa miguuni, nilipanga magunia yangu ya pumba na mashudu ya alizeti, kwa hiyo nililala na harufu ya kinu cha kukamulia mafuta, na panya wa kijiji kizima walinijua kwa jina. Dirisha lilikuwa dogo, limezibwa na kipande cha mkeka, na nyuma yake kulikuwa na uani ambako Bi Saumu na jirani yake, Bi Tatu, walikaa kila alasiri kusuka ukili wa mikeka. Walisuka na kusema. Sikuhitaji redio. Nilijua nani kaachwa, nani karudiwa, na nani kamficha mumewe pesa za mwani ndani ya gunia la makopa. Siku ya pili tu nilimsikia Bi Tatu akiuliza, “Huyo kijana wako anakula sana?” na Bi Saumu akajibu, “Hali sana, lakini anahesabu. Jana nimempa muhogo, nimemwona anauhesabu vipande.” Wakacheka hadi ukili ukawaponyoka.

Alikuwa na haki ya kucheka. Nilihesabu kweli, na vilikuwa saba.

Nilikuwa nimefika kijijini kutafuta mbuzi wa kuuzia mabaa ya mjini, mbuzi sikupata, nikaona kondoo. Walikuwa wamefungwa huku na huko chini ya minazi, wembamba, wanakula nyasi zilizokwisha kuliwa na wenzao, mikia imening'inia kama mifuko mitupu. Ukiwauza vile, mchinjaji anakupa bei ya ngozi na pole. Lakini nilishaona Ngamiani, siku za kuelekea Iddi, watu wazima na heshima zao wakigombania kondoo mmoja mnene, na wengine wakija kutoka upande wa Mombasa kuulizia, na bei ikipanda wakati huohuo mimi nimesimama pale sina hata mguu wa kondoo. Bwana mifugo mmoja niliyefahamiana naye aliniambia kondoo hahitaji maajabu: mtoe minyoo, mpe maji safi, majani ya mlusina, pumba, mashudu kidogo, chumvi ya jiwe alambe, umpe miezi mitatu. Nikampelekea Bi Saumu habari hiyo kama vile nimeibuni mimi. Tulipatana hivi: kondoo, majani, maji na kazi ni vya kwake, mashudu, pumba, dawa na soko ni vya kwangu. Tukishauza, gharama zangu zinatoka kwanza, kinachobaki yeye mafungu mawili, mimi fungu moja. Nilianza kwa kudai nusu kwa nusu. Alinipikia bada kwa mchuzi wa samaki ng'onda, akaniacha nile ugali ule wa muhogo hadi nikashindwa kuinuka, ndipo akasema, “Mafungu mawili kwangu, mwanangu, maana wewe kondoo hawakujui.” Mtu akikushika umeshiba hivyo huna ubishi.

Alikuwa na sababu ya kutafuta pesa, na sababu yenyewe ilionekana kutoka mlangoni. Mumewe alipougua, kabla ya kufa, Bi Saumu aliweka rehani minazi kumi na minane kwa shemeji yake, Hamadi, ili apate za hospitali. Rehani yao ni kwamba aliyekopesha anaangua nazi mpaka siku utakapomrudishia chake. Walikubaliana mbele ya watu wa msikitini: Mfunguo Tatu, yaani mwezi wenyewe wa Iddi ya kuchinja, ukiisha kabla pesa hazijarudi, minazi ni ya Hamadi moja kwa moja. Kwa hiyo kila alipotaka kutia nazi kwenye mchuzi, Bi Saumu alitoka, akavuka uwanja, akanunua kwa Hamadi nazi za minazi aliyoipanda mumewe. Hamadi alimpunguzia bei kidogo kwa ajili ya undugu. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu na nikalifurahia kwa siri, nisamehewe, kwa sababu muuzaji mwenye shida ya tarehe maalumu ndiye anayefanya kazi kwa bidii.

Na alifanya kazi. Wake walikuwa kondoo tisa, na Bi Tatu, baada ya kutucheka wiki mbili, akaleta wanne wake. Tuliwajengea zizi la fito lenye paa, tukawatoa minyoo, wakaanza kula. Bi Saumu hakuwapa majani ya mlusina mabichi, aliyaanika kwanza yanyauke. Machicha ya nazi aliyaomba nyumba kwa nyumba, akayakausha juani, akayachanganya na pumba. Mashudu aliyapima kwa kopo la maziwa, kidogo asubuhi, kidogo jioni, akaongeza polepole ili matumbo yasivimbe. Mimi nilileta mizani ya kuning'iniza, nikaifunga kwenye boriti, na kila Jumamosi tukawatia kondoo kwenye gunia lililokatwa matundu ya miguu, tukawapandisha mmoja mmoja wakilia. Bi Tatu alisimama mlangoni na kutangaza, “Njooni muone kliniki! Huyu kaongeza, mama yake apewe sukari.” Watu walikuja kweli. Walicheka, lakini walikuja tena wiki iliyofuata kuangalia kama wameongezeka, na wakakuta wameongezeka. Mikia ilijaa. Manyoya yakalala vizuri. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisema kondoo halishwi kama mtoto alianza kuniuliza mashudu yanauzwa wapi na gunia bei gani. Nilikuwa tayari nimeshapanga jinsi ya kumwuzia kwa faida. Ninasema haya ili ieleweke: chakula kilifanya kazi. Hapo hapana kosa la mtu.

Kosa lilikuwa langu, na lilitoka mahali ninapopasifia siku zote, yaani kutomwamini mtu hadi nimehesabu. Kondoo walipoanza kupendeza, usingizi ulinipungua. Kijijini kulikuwa na kondoo wengine wengi wembamba, wa rangi zilezile, na nilijiuliza nini kitamzuia mtu kuniingizia mwembamba akatoa mnene kabla ya siku ya soko. Mzigo ulikuwa wangu, mashudu yalikuwa yangu. Nikaenda mjini, duka la dawa za mifugo, nikanunua koleo la kukatia alama masikioni, linalotoa kipande kidogo chenye umbo la jino la msumeno. Nilimwonyesha Bi Saumu jioni ile tukiwa tunakula.

“Masikio yaache, mwanangu,” akasema.

“Bila alama nitajuaje yupi ni yupi, mama?”

“Mie nawajua wote. Huyu wa uso mweusi, yule anayekohoa, yule mwenye kiburi.”

“Wewe unawajua. Mimi na mnunuzi hatuwajui.”

“Kondoo wa Iddi huangaliwa, Eliya.”

“Ndiyo maana tumewalisha.”

Akanisogezea mchuzi. “Watie rangi basi mgongoni. Au uwafunge kitambaa shingoni. Nina kitambaa.”

Sasa hapa ndipo ujanja wangu uliponimaliza. Maisha yangu yote nimejifunza kusikiliza namna mtu anavyoshuka. Anayeshuka polepole ana bidhaa nzuri. Anayeshuka haraka ana anachoficha. Bi Saumu alitoka kwenye “yaache” hadi kwenye “watie rangi” hadi kwenye “kitambaa” kabla sijameza tonge, na mimi moyoni nikasema, ahaa. Rangi inafutika, kitambaa kinafunguliwa. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa akinipa njia za kutokea. Alikuwa akitaja kila kitu isipokuwa sababu yenyewe, kwa sababu, kama nilivyokuja kuelewa nikiwa nimechelewa, aliona haya kunisomesha dini yake mimi mtoto wa kanisani niliyelala ndani mwake na kula sahani yake. Alidhani neno Iddi linatosha. Kwa mtu mwingine yeyote wa pwani lingetosha. Mimi nilikulia kambi ya mkonge, nyumba za mistari, na kwetu mnyama wa sikukuu alikuwa yule aliyepatikana. Angekuja na miguu mitatu tungeshukuru.

Kesho yake alasiri nikiwa kitandani nikawasikia uani.

“Na umemwambia?” aliuliza Bi Tatu.

“Nimemwambia. Anadhani nafanya bei.”

“Mwambie kwa ukali.”

“Mgeni nimpigie kelele? Nitamwambia tena akishiba.”

“Huyo hashibi. Weye subiri tu.”

Nilisikia kila neno. Niliweza hata kusikia ukili ukipita vidoleni. Na nikaelewa vilevile nilivyotaka kuelewa, kwamba wanawake wawili wanapanga. Siku mbili baadaye Bi Saumu alikwenda Kigombe kwenye harusi, akaondoka asubuhi na khanga zake mpya, akaniachia chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha. Chai ilikuwa bado ya moto nilipoingia zizini. Nilikata masikio ya kushoto, wote kumi na watatu, na kazi ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kondoo hapigi kelele sana. Anakutazama tu.

Aliporudi alisimama kwenye fito za zizi, bado amevaa za harusi, hata viatu hakuvua. “Umeshakata,” akasema. Nikamwambia nimekata, wote, upande mmoja, vizuri. “Basi,” akasema. Akaingia ndani, akabadili nguo, akatoka na mafuta ya nazi kwenye kifuniko na majivu, akaanza kuwapaka mmoja mmoja. Alipofika kwa yule wa uso mweusi akaniuliza bila kugeuka, “Mnunuzi wako umemwambia kama wana alama?”

“Mnunuzi anajua kila kitu, mama.”

Nilikuwa nimemwambia uzito, mkia na bei.

Mnunuzi mwenyewe alikuwa Mzee Nasoro wa Ngamiani, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyewanunulia kondoo jamaa zake na majirani kila mwaka kwa sababu walimwamini jicho lake. Siku tuliyowashusha kwenye pikapu, barabarani watu walisimama kuwatazama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa kwa kondoo. “Hawa wamekula kuliko mimi,” akasema. Akawafungua midomo kuangalia meno kama umri umefika. Akapima mkia kwa kiganja, akatabasamu. Nami nikaanza kupandisha bei kichwani. Halafu akashika sikio. Akaliachia, akaenda kwa wa pili, akashika sikio, akaenda kwa wa tatu. Wa nne hakumfikia.

“Nani kawakata?”

“Alama tu, mzee. Wasichanganyike.”

“Nyama nzuri,” akasema. “Wapelekee mchinjaji.”

Nikamshushia bei. Ndicho nilichofanya, Mungu anajua. Mtu ananiambia jambo na mimi nashusha bei. Alinisikiliza hadi nikashusha mara ya tatu, akavua miwani. “Kijana, hujanielewa. Hata ukinipa bure sina ninaloweza kufanya nao. Anayechinjwa Iddi hapunguzwi kiungo, hata ncha ya sikio. Niwapelekee watu hawa, halafu niwaambie nini? Wewe si wa kwetu?”

“Hapana, mzee.”

“Na wenye kondoo?”

“Wao ni wa kwenu.”

“Na hawakukwambia?”

Nikasema, “Hawakuniambia.”

Nimesema uongo mwingi katika kazi hii, na mwingi umenilisha. Huo ulikuwa mfupi kuliko wote na sikulipwa chochote. Mzee Nasoro alitikisa kichwa, akasema, “Ajabu,” na niliona kabisa kwamba ajabu hiyo inakwenda kwa Bi Saumu, mwanamke Muislamu asiyejua hata mnyama wa kuchinja. Habari zilinitangulia uwanjani. Kila niliyemfuata baada ya hapo alikwenda moja kwa moja kwenye sikio la kushoto. Jua lilipoanza kushuka niliwauza wote kwa mchinjaji wa buchani, bei iliyozidi kidogo nusu ya ile ya Iddi, naye alinishukuru kwa mkono mmoja kwa kuwa mwingine ulikuwa tayari umeshika mkia wa kondoo.

Nilikuwa na njia nzima ya kurudi ya kufikiria la kusema, na nilifikiria vizuri. Nilipofika alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ameshanunua nazi kwa Hamadi, mbili, kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya furaha. Bi Tatu alikuwa amekaa kizingitini. Nikasema soko limeanguka, kondoo wamekuwa wengi. Hilo peke yake lingetosha, lakini dalali haachii palipotosha. Nikaongeza kwamba wanunuzi hawakutaka kondoo wa mashudu, walisema wana mafuta mno, na kwamba labda tulikosea kuwalisha kiasi kile. Niliitupia chakula. Chakula hakiwezi kujibu. Kisha nikatandaza pesa juu ya mkeka nikazihesabu mbele yao, mara mbili, nikatoa gharama zangu kwanza, mashudu, pumba, dawa, nauli, pikapu, kama tulivyopatana. Koleo sikulitoa. Nakumbuka nilijiona muungwana kwa kutolitoa koleo. Kilichobaki tukakigawa, na fungu la Bi Saumu halikufika hata robo ya minazi.

Bi Saumu akalitazama. “Kwa hiyo mashudu ndiyo yaliyokula pesa?”

“Hesabu ndivyo inavyosema, mama.”

Bi Tatu alifungua mdomo, Bi Saumu akamtazama, akaufunga. “Haya,” Bi Saumu akasema. “Kula, wali unapoa.” Nikala. Alinipa kichwa cha samaki, ambacho pale ni heshima.

Mfunguo Tatu ulipoisha, Hamadi hakuwa na ubaya, alikuja na kofia yake akaamkia, akakunywa kahawa, akasema minazi sasa ni yake kama walivyokubaliana. Alisema Bi Saumu akihitaji nazi asione haya kuja. Mimi nilikuwa chumbani nakunja magunia matupu, yule mtu wa kuulizia mashudu hakurudi tena kuniuliza, na wiki hiyohiyo nikahamia mjini. Miaka miwili mitatu baadaye nikiwa Ngamiani nilimsikia mtu wa kule anamkatalia mwenzake biashara. Alisema, “Usinitie kwenye mashudu ya Bi Saumu.” Akaona nimegeuka, akanieleza kwa wema kabisa: kule kwao kulikuwa na mama mmoja aliyewalisha kondoo kuliko watu, akauza minazi kwa ajili ya mashudu, na sasa mtu akitupa pesa shimoni ndivyo wanavyosema. Watu waliokuwa pale walicheka. Nikacheka nao. Nilicheka kidogo zaidi yao, ili isionekane.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikatembea chumbani, kisha nikarudi. Nilikwenda kumwona Bi Saumu mara kadhaa katika miaka yote hii, nikimpelekea sukari, unga, mara moja hata doti ya khanga. Alipokea. Aliniita mwanangu. Hatukuzungumza habari za kondoo hata siku moja, na mimi nilichukulia kwamba hajui, nikahesabu kutojua kwake kama faida yangu.

Siku ya khitma, watu walipokwisha kula pilau na kuanza kuondoka, nilibaki uani. Mwanaisha alikuwa anakusanya sinia. Mwaka ule wa kondoo yeye alikuwa kwa shangazi yake mjini, anasoma. Sasa ni mama wa watoto watatu na anaongoza kikundi cha wanawake wa pale. Nilimwambia nina neno. Nikamwambia yote, tangu koleo hadi Mzee Nasoro, hadi kile kicheko. Alisikiliza huku anafuta sinia moja mpaka ikakauka kabisa.

“Mama alijua, kaka Eliya,” akasema.



“Alijua tangu siku uliyokata. Akategemea huyo mzee wako labda umeshamweleza, labda ana watu wa nyama tu. Uliporudi ukasema mashudu, akajua. Bi Tatu alitaka kukwambia palepale. Mama akamzuia. Alisema wakisikia watu watasema Mkristo katuharibia kondoo wetu wa Iddi, na ukishaanza kusemwa hivyo hapa hutaweza kurudi, na huna pa kulala.”

“Lakini walimcheka yeye.”

“Walimcheka. Mpaka amekufa.”

Nikaingiza mkono mfukoni. Ndiyo tabia. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya minazi kumi na minane kwa bei ya sasa, nikataja kiasi, na kwa kuwa ni mimi, nikataja cha kuanzia. Akaiweka chini ile sinia. Nikapandisha. Akachukua sinia nyingine. Nikapandisha tena, na ndipo nilipong'amua kwamba katika uani ule nabishana peke yangu na ninashindwa.

“Pesa utaleta, sikatai,” akasema Mwanaisha. “Minazi yenyewe imezeeka, Hamadi amekufa, wanawe wamekata mingine wamejengea. Hayo tutakaa na mjomba, ndugu wa mama, tuelewane. Mie nina shida nyingine. Kikundi chetu kina akiba, tunataka tununue kondoo, tuwalishe hadi Iddi kama mama. Mjini wanatafutwa, unajua mwenyewe. Lakini kila nikitaja chakula wanawake wanaangua kicheko. Wanasema mashudu ya Bi Saumu hayo. Mie nikisema watasema namtetea mama. Bi Tatu hawezi kusema, alimwahidi mama, na ahadi uliyompa mtu aliyekwisha kufa haivunjwi. Wewe hukumwahidi mtu.”

Nikamuuliza kama naweza kuandika, yeye awasomee.

“Hapana. Hao waliomcheka walimcheka kwa midomo, hawakuandika. Njoo Ijumaa baada ya swala, tunakaa kwa Bi Tatu. Waambie wewe, kwa sauti yako, nini kiliwafanya wale kondoo wakataliwe. Na uwaambie mama alikuwa anawapa nini, asubuhi kiasi gani na jioni kiasi gani, maana mie sikuwepo na yeye hakutaka kusema tena.” Akaweka sinia juu ya zile nyingine, akajifuta mikono. “Kama hutakuja niambie leo hii, kaka. Nikawaambie tugawane tu hiyo akiba, kila mtu anunue khanga.”